Kitanda Usichokilalia

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya kitanda cha aina yake, nacho ni hema. Najua wengine mtashangaa. Mama wa nyumbani hapa Rusumo ana habari gani na mahema, mashanta na mabuti ya kutembelea porini? Hata mimi nilijiuliza hivyo siku binti yetu wa kidato cha pili alipotuletea karatasi kutoka shuleni. Klabu yao ya mazingira ilikuwa na safari wakati wa likizo ya Juni. Wangelala siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kila mtoto aje na shanta, viatu imara, mfuko wa kulalia au blanketi, tochi, na kama nyumbani kuna hema, aje nalo.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba matatu, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 4,707. Sisi wa Ngara na Biharamulo tumeishi kando ya mapori hayo tangu utotoni, lakini wengi wetu tumeyaona kwa dirisha la basi tu. Leo watoto wetu wanakwenda kuliona ziwa Burigi kwa macho yao. Ni jambo la kushukuru. Lakini ninyi mnajua, mtoto akilala porini, mama hulala macho wazi.

"Tumefukuzwa?"

Baba watoto alipata hema mnadani, la mtumba, la watu watatu, likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wake. Alipolishusha uani, mama mkwe alitoka jikoni, akalitazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Mwanangu, tumefukuzwa?"

Baba watoto alicheka. Mama hakucheka, nami nilimwelewa. Mwaka 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Walielekea Benaco, ambako kambi ilizaliwa kwa siku chache. Mama aliwaona wakipita, mzee na mtoto mgongoni, na aliona maturubai yalivyojaa vilimani. Wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini kwa watu wa umri wake neno hema bado lina harufu ya msiba. Si kitu cha kuchezea.

"Hili ni la matembezi, mama," baba watoto alimweleza.

"Hema ni hema," akajibu, akarudi jikoni.

Siku ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Mmelifungua?" Tukasema bado, tunangoja siku ya safari ikaribie. Akatushangaa. "Wale walifungua maturubai yao mvua inanyesha tayari. Ninyi mna jua, mna uwanja, mna maji kisimani. Mnangoja nini?"

Nilikosa la kujibu. Basi tukakubaliana nyumbani kwetu kwamba hakuna kitu kitakachotoka kwenda safari kabla hakijatumika hapa hapa uani. Tulikuwa tumebakiwa na wiki tatu.

Viatu na siri ya soksi

Tulianza na viatu, maana miguu ndiyo gari lenyewe. Nilikuwa nimeuza debe mbili za maharage nikamnunulia binti buti za mtumba, nzuri kabisa, za ngozi. Nikamwambia azivae kila siku akienda mtoni na kurudi, kilima chetu ashuke na kupanda. Siku ya kwanza nikamwuliza, "Zikoje?" Akasema, "Nzuri tu, mama." Siku ya pili, nzuri tu. Siku ya tatu, nzuri tu.

Siku ya nne jioni nilikwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo. Nikakuta soksi zake amezifua peke yake na kuzianika kichakani, mbali na kamba. Kwenye kisigino kulikuwa na doa la damu ambalo sabuni haikulitoa. Nikamwita, nikamvua kandambili. Visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na ukucha wa dole gumba ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Mbona hukusema?"

Akainama. "Mama, uliuza maharage."

Wapendwa, maneno hayo yalinichoma kuliko malengelenge yake. Nilidhani namjaribu viatu, kumbe yeye alikuwa anajijaribu uvumilivu. Angekwenda porini na maumivu yale, angechechemea nyuma ya wenzake na bado angesema "nzuri tu". Usiku ule nilikaa naye, nikamwambia kwamba maharage yatalimwa tena. Nikamwomba pia msamaha, kwa sababu nilikumbuka ni mara ngapi nimetaja gharama za vitu mbele ya watoto, nikidhani nawafundisha kushukuru.

Buti zile alipewa binti wa shangazi yake mwenye mguu mdogo, na wetu akapata raba za kawaida zenye soli nene. Nilijifunza mambo haya, nanyi myachukue:

Nunueni viatu jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kazi za mchana. Mbele ya dole gumba kubaki nafasi ya upana wa kidole. Msijaribu kwenye sakafu tambarare tu. Mteremkeni kilima, kwa kuwa wakati wa kushuka ndipo vidole hugonga mbele. Mtoto avae soksi zile zile atakazokwenda nazo, tena shanta likiwa mgongoni. Kiatu cha mtumba kikunjeni mara kadhaa kabla ya kulipa. Soli iliyokaa miaka mingi stoo huoza kwa ndani hata kama kiatu hakijavaliwa, nayo hubanduka siku ya kwanza ya safari.

Na mtoto akisema "nzuri tu", mtazameni soksi.

Shanta kwenye mizani

Jumamosi iliyofuata binti alifunga shanta lake mwenyewe. Tulilipeleka dukani kwa jirani, likawekwa kwenye mizani ya maharage. Kilo 11! Mtoto mwenyewe ana kilo 46. Tukafungua. Mlikuwa na kanga tatu, kioo cha ukutani, madaftari manne, chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka na sufuria yenye mfuniko. Mdogo wake wa darasa la tano alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa mtoto anayekua, mzigo wa kubeba siku nzima ukikaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake unatosha. Hata wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, watu wazima waliozoea kazi, wamewekewa kikomo cha kilo 20. Msisahau kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na maji hayaachwi nyumbani. Tulitoa kioo, kanga mbili, madaftari matatu na sufuria. Mafuta tukayahamishia kwenye kichupa. Likarudi mizanini likiwa na kilo 5 pamoja na maji. Kisha akalibeba saa moja nzima. Mkanda mmoja ulianza kufumuka begani, mama mkwe akaushona kwa uzi wa kushonea magunia.

Jambo jingine lililotoka shantani ni nguo. Binti alikuwa amepanga kuvaa traki suti ya bluu iliyoiva. Porini Burigi kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya vitambaa wanayotegewa hutengenezwa kwa rangi hizo hizo. Nao huuma hata juu ya nguo nyepesi, na wengine hubeba ugonjwa wa malale. Tulimtafutia suruali na shati la mikono mirefu, nguo nzito kidogo za rangi ya udongo. Mtoto akikwenda huko kisha akarudi na homa, mwelezeni daktari kwamba alikuwa porini kwenye mbung'o. Asidhani ni malaria peke yake.

Hema uani

Ndipo tukalisimamisha hema. Mara ya kwanza lilituchukua zaidi ya saa moja, na baba watoto hakutaka ushauri wa mtu. Tulihesabu vigingi, viwili havikuwepo. Hivyo hutengenezwa kwa nondo nyembamba kwa fundi wa kuchomelea. Zipu ya mlango iligoma katikati, tukaisugua kwa kipande cha mshumaa ikawa laini. Kwenye wavu wa dirisha palikuwa na tundu ambalo mbu angepita bila hodi. Nalo lilitiwa kiraka.

Mama mkwe akasema sasa limwagiwe maji. Ilikuwa Juni, mvua hakuna, kwa hiyo tulilinyeshea wenyewe. Ndoo nne, moja moja, kutokea juu, huku mdogo amekaa ndani na kitambaa kikavu akitafuta panapovuja. Pembe moja ilivuja kwenye mshono. Tuliongeza kipande cha turubai juu ya pembe ile, tukamwaga tena, pakawa pakavu. Kisha tukaliacha jua kutwa nzima, kwa sababu hema likikunjwa na unyevu huota ukungu na kunuka. Mama alionyesha pia jinsi walivyokuwa wakichimba mifereji kuzunguka maturubai kule Benaco. Ndani ya hifadhi si vema kuchimba ardhi ovyo, lakini shabaha yake ni ile ile. Hema lisimame palipoinuka kidogo, si bondeni maji yanapokusanyika.

Jioni tukawaagiza watoto walisimamishe wao wenyewe, giza limeingia, kwa mwanga wa tochi tu. Tochi ilififia kabla hawajamaliza. Hapo tena tulijua betri ni za kubadilishwa. Mara ya tatu walifanya kwa dakika 15.

Usiku ule

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tulikubaliana watoto wote wawili walale hemani usiku mmoja mzima, ili tujue kama blanketi linatosha. Mnajua baridi ya Juni huku kwetu milimani. Niliwaaga saa tatu, nikaingia ndani.

Saa saba usiku niliamka. Si kwamba nilisikia kitu. Ni usingizi tu uliokatika, nikasema niwachungulie. Nilipofungua mlango nikaona hema limeiva rangi nyekundu kwa ndani, kama taa inayokaribia kuzimika. Nikasimama nikitafakari, maana tochi yao ilikuwa na mwanga mweupe. Kisha nikaelewa. Nilikimbia. Zipu ile ilifunguka kwa mkono mmoja. Katikati yao palikuwa na jiko la mkaa.

Nilimvuta wa kwanza, nikapiga kelele, baba yao akaja akamvuta wa pili. Binti aliamka akilia kwamba kichwa kinampasuka. Mdogo wake alikuwa mzito, nikimwita haitiki vizuri, kisha akatapika. Tuliwakalisha nje kwenye upepo wakiwa wamefunikwa blanketi, na usiku ule ule tukawapeleka wakaangaliwe. Mungu ni mwema, walirudi salama.

Mdogo ndiye aliyelichukua jikoni, makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi. "Dada alisikia baridi," alisema. Tena akaongeza, "Bibi huwa anaingiza la kwake."

Ni kweli, mama mkwe alikuwa na desturi hiyo katika miezi ya baridi, na wengi wetu tunayo. Tunadhani hatari ni moshi, na moshi ukiisha tunaona jiko limekuwa rafiki. Sivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala kukohoza. Ikiingia mapafuni hukamata damu na kuizuia kubeba oksijeni mwilini. Aliyelala huzidi kulala. Hema lililofungwa zipu ni dogo kuliko chumba chochote, hivyo sumu hujaa upesi. Na kuacha zipu wazi kidogo si kinga.

Kwa hiyo, akina mama, jiko la mkaa lisiingie hemani, wala chumbani. Nawasihi hasa mnaomwekea jiko mama aliyejifungua ili yeye na kichanga wapate joto. Kichanga hawezi kusema kichwa kinamwuma. Mpeni mama blanketi jingine, mkumbatisheni mtoto kifuani pake, mfunike miguu na kichwa cha mtoto, lakini jiko libaki nje. Mkiona mtu ana maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa katika chumba chenye jiko, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Asubuhi ile sikumkemea mwanangu. Alitaka dada yake apate joto. Swali lililonisumbua lilikuwa jingine. Kama tusingelijaribu hema lile uani, wazo hilo la jiko angelipata nani, siku gani, na mimi ningekuwa wapi? Pale uani palikuwa na hatua kumi kutoka mlangoni kwangu hadi kwao. Kutoka hapa hadi Burigi sizihesabu.

Baridi yenyewe tuliitafutia dawa ya kawaida. Tuligundua kwamba baridi kubwa hutoka chini ardhini, si juu. Mkeka na kipande cha godoro jembamba chini ya mtoto vilisaidia kuliko blanketi la pili. Soksi kavu za kulalia na kofia ya sufu vikamaliza kazi. Usiku wa pili wa majaribio walilala hadi jogoo, mimi nikiwa nimekaa mlangoni.

Walivyorudi

Safari ilifanyika. Binti alirudi siku ya tatu, amejaa vumbi, akisimulia viboko wa ziwani ambao hutoka majini usiku kuja kula majani, ndiyo maana mahema yao yaliwekwa mbali na njia zao. Miguu yake niliikagua kwanza kabla ya salamu kuisha. Ilikuwa mizima.

Alipokwisha kula ndipo akanieleza jambo. Usiku wa kwanza ulikuwa wa baridi, na wasichana wa hema la jirani walitaka kuchukua makaa yaliyobaki jikoni wayaweke kwenye karai, wayaingize ndani. Yeye alikataa. Walimcheka, wakamwita mwoga. Akaenda kumwamsha mwalimu. "Nilisema, mama," aliniambia. "Sikunyamaza." Nilijua anakumbuka soksi.

Daudi alipovishwa silaha za mfalme Sauli, alijaribu kutembea nazo, akaona hakuzizoea, akazivua (1 Samweli 17). Hapo zamani nilidhani habari hiyo inahusu kombeo tu. Siku hizi naona pia ujasiri wa kijana kumwambia mfalme kwamba kitu ulichonipa kwa wema hakinifai. Watoto wetu wanahitaji uani ambapo neno hilo linaweza kusemwa bila kuogopa debe la maharage.

Basi, kama likizo ijayo mtoto wako ana kambi ya kwaya, ya skauti au ya shule, usingoje asubuhi ya safari. Avae viatu sasa. Pima shanta lake. Mwaga maji juu ya hema. Zima taa umwambie atafute tochi yake gizani. Kisha mlaze nje usiku mmoja, nawe usilale mbali.

Kwetu, jiko la bibi hulala nje siku hizi. Hema alilianika yeye mwenyewe, akalikunja, akaliweka chini ya kitanda chake ili panya wasilifikie. Juzi ameniuliza ni lini tutalisimamisha tena.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.